Sifuri Tatu za Mbele

Xavery Tluway aliopolewa kutoka josho la Dirma kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Alitoka kifudifudi, mdomo umejaa samadi.

Inspekta Benedikta Margwe alisimama ukingoni mwa mfereji wa saruji, kitambaa puani. Hakikumsaidia. Maji ya josho yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyochacha. Juu yake vilielea vinyesi, manyoya, na kupe waliokufa wasiohesabika. Harufu ya dawa ya kuogeshea ilipenya kitambaa, ikapenya pua, ikatua kooni kama kitu cha kumeza.

"Nani alimwona wa kwanza?" aliuliza.

"Wachungaji, afande, saa moja asubuhi," alijibu Sajenti Joakimu. "Walileta ng'ombe kuogesha. Wa kwanza akagoma kuruka. Wakamchapa, akagoma tena. Ndipo wakatazama ndani."

"Na jana?"

"Jana ilikuwa mnada. Kata nzima ilihamia huko. Hapa hata mbuzi hakupita."

Marehemu alikuwa ofisa mifugo wa kata, umri miaka thelathini na minane, mtu wa Mbulu aliyejenga nyumba Dirma. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa vizuri chini ya mgunga. Simu yake haikuonekana. Kisogoni alikuwa na jeraha, na shingoni, chini ya masikio, michubuko miwili iliyopinda kama panda ya manati.

Benedikta aliitazama ile michubuko. Kisha akauangalia ukuta wa josho. Pale uliegemezwa mti mrefu wenye panda mwishoni, ule wa kuzamishia vichwa vya ng'ombe ili dawa ifike masikioni. Kila kitu mahali pale kilikuwa na ukoko wa samadi. Mti ule peke yake ulikuwa umeoshwa.

"Uchukueni," alisema. "Ni kielelezo."

Jioni daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti alivua glavu akazitupa.

"Jeraha la kisogoni halikumuua. Mapafu yamejaa maji ya josho. Alianguka akiwa hai, akajaribu kutoka. Kuna mtu alimkandamiza chini."

"Kwa muda gani?"

"Dakika tatu. Nne. Mpaka alipotulia."

Benedikta alikuwa na miaka kumi na tisa katika jeshi la polisi. Alikwisha kuona waliokatwa mapanga na waliochomwa moto. Hili lilikuwa la kwanza. Mtu mzima, kuzamishwa kichwa kama ndama mwenye kupe!

*

Mshukiwa wa kwanza hakuhitaji kutafutwa. Kijiji kizima kilimtaja.

Mzee Gidabuday alikuwa amepoteza ng'ombe thelathini na mmoja kwa kimeta ndani ya majuma mawili. Wote walikuwa wamechanjwa na Xavery mwezi Mei. Walivimba matumbo kama ngoma, damu nyeusi isiyoganda ikawatoka puani. Walizikwa, fisi wakawafukua. Wanawake wawili wa boma lake, waliogusa ngozi, walilazwa na vidonda vyeusi mikononi. Katika mkutano wa kijiji mzee alisimama akasema mbele ya watu wote: "Xavery aliwachoma ng'ombe wangu maji. Na yeye atayanywa."

Kituoni aliketi wima, shuka begani, fimbo magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ulisema Xavery atayanywa maji."

"Nilisema."

"Akayanywa."

"Akayanywa."

"Ni wewe uliyemnywesha?"

"Hapana."

"Siku ya mnada mchana ulikuwa wapi?"

"Mnadani. Kutazama ng'ombe wa watu. Wangu hawapo."

"Nani alikuona?"

"Kila mwenye ng'ombe."

Benedikta aliweka kalamu chini. "Mzee, mara ya mwisho ulionana na Xavery lini?"

Gidabuday alimtazama kama mtu anayepima mnyama kabla ya kumnunua.

"Siku mbili kabla ya mnada. Alikuja kwangu, akapiga magoti. Mtu wa serikali, magoti kwenye samadi ya zizi tupu. Akasema: mzee, ni kweli nilichoma maji, lakini sikujua. Akaacha kitabu."

"Kitabu gani?"

"Sijui kusoma. Alisema atarudi na barua ya mashtaka, mimi niweke dole gumba."

"Mbona hukusema tangu asubuhi?"

"Nilikuwa nangoja nione kama utaniuliza au utaniambia."

Kabla ya jua kuzama Joakimu alikuwa amerudi na mashahidi sita wa mnadani, na daftari lenye jalada gumu. Mzee alirudi kwake.

*

Xavery alikuwa na mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza. Kila chupa ya chanjo aliyowahi kuifungua aliiandika: tarehe, boma, idadi ya ng'ombe, namba ya chupa. Namba zote zilikuwa za tarakimu sita, zimejazwa sifuri mbele. Mwezi Februari alitumia 000080, 000081, 000082 na kuendelea. Mwezi Mei, kwa wafugaji wengine, zikatokea tena: 000080, 000081, 000082. Ng'ombe wa Gidabuday walichanjwa kwa 000083 na 000084.

Marehemu alizizungushia wino mwekundu. Chini aliandika: *Chupa moja haizaliwi mara mbili. Zote za Mei zimetoka duka la Maximilian, Mbulu.*

Kesho yake walipanda Mbulu. Kulikuwa na baridi na manyunyu. Duka la pembejeo la Maximilian lilikuwa karibu na soko, limepakwa rangi ya kijani, na mwenyewe alikuwa mtu wa tabasamu pana na suti ya kijivu.

"Karibuni, afande. Tumempoteza kijana mwema. Nimepeleka shada."

"Nataka kuona jokofu la chanjo."

Tabasamu lilipungua kidogo. Alifungua jokofu. Rafu ya juu kulikuwa na mguu wa mbuzi kwenye mfuko uliotoboka. Damu ilidondokea rafu ya chini, ikaganda juu ya vifuniko vya chupa za dawa.

"Unaweka nyama na dawa pamoja?"

"Umeme shida, afande. Jokofu moja."

"Chanjo ya kimeta?"

"Imekwisha."

"Mzigo wako wa kwanza uliishia namba ngapi?"

Alitoa hati ya kupokelea. Toka 000001 hadi 000119.

"Na wa pili?"

"Ulianzia 000120. Hati yake... imepotea."

"Xavery alinunua kwako mwezi Mei. Ameandika 000080."

"Alichanganya. Marehemu alikuwa mlevi mlevi, Mungu amrehemu."

Benedikta alikuwa amekwisha kuuliza Dirma nzima. Xavery hakunywa hata togwa. Alimwangalia mtu yule akimchafua maiti kwa sauti ya sala, akatoka bila kuaga.

"Anadanganya," Joakimu alisema garini.

"Najua. Lakini sikiliza. Mtu anaghushi lebo. Anajua mzigo halali uliishia mia na kumi na tisa. Angeendeleza na mia na ishirini, nani angeshtuka? Kwa nini aanzie themanini, namba ambazo zimekwisha kutumika?"

"Ujinga, afande."

"Ujinga nao huwa na njia yake. Lazima tuipate."

*

Matanga yalikuwa nyumbani kwa Xavery, Dirma. Mjane wake, Letisia, alipita kati ya wageni akibeba sinia. Mama mzaa marehemu alilala ndani, hawezi kukaa. Mwenye kupokea rambirambi alikuwa Kelvin, mdogo wake marehemu, kijana wa miaka ishirini na sita aliyefika kutoka Arusha jioni ya siku ile maiti ilipopatikana. Alivaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote, na jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, afande. Mmemwachia yule mzee kwa nini?"

"Marahaba. Hakuwa yeye."

"Hawa watu wa ng'ombe ni wamoja. Wanyongwe tu." Alichagua fupa kwenye sinia, akalifyonza uboho kwa sauti. "Kaka aliuza ng'ombe wanne nisome kompyuta. Sasa mimi nimebaki na nani?"

"Unafanya kazi gani Arusha?"

"Naandika programu. Kwa Java. Kampuni kubwa, siwezi kuitaja."

Letisia alikuja akamwongezea nyama kabla ya wazee. Kelvin hakumtazama.

Benedikta aliondoka na jambo moja kichwani. Kompyuta. Lebo zile zilichapwa, hazikuandikwa kwa mkono. Basi themanini haikuwa kosa la mkono, na mtu wa kuulizwa alikuwa mtu wa mashine.

*

Mbulu kulikuwa na chuo kidogo cha ufundi, na mwalimu mmoja wa kompyuta, Mwalimu Violeth, mwanamke mfupi mwenye sweta na chaki vidoleni. Benedikta alimwekea daftari mezani, akamweleza: mtu alitaka kuanzia 000120, mashine ikampa 000080.

Mwalimu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesahihisha kosa moja miaka mingi.

"Ameandika kwa lugha kama Java. Na ameandika sifuri mbele ya namba."

"Si ndivyo inavyotakiwa? Namba zina sifuri mbele."

"Kwenye karatasi, ndiyo. Ndani ya mashine, hapana." Alisogea ubaoni. "Sisi tunahesabu kwa makumi. Lugha ya Java, ukianza namba na sifuri, inadhani unahesabu kwa manane. Sasa 000120 kwake ni nini? Sifuri haina kitu. Mbili ni nane mbili. Moja ya mbele ni nane mara nane. Jumlisha."

"Sitini na nne na kumi na sita." Benedikta alitazama daftari. "Themanini."

"Themanini. Namba ilitakiwa iandikwe tupu, mia na ishirini. Sifuri ni vazi tu, unalivalisha wakati wa kuchapa." Aliandika ubaoni alama ya asilimia, kisha *06d*. "Hii inaiambia mashine: jaza sifuri mbele mpaka zitimie tarakimu sita. Huyu mtu alivalisha kabla, halafu akavalisha tena. Angeanzia namba yenye nane au tisa, mashine ingekataa kabisa, angejua. Bahati yake mbaya mia na ishirini haina."

"Mwenye kosa hili ni mtu wa namna gani?"

"Aliyefika katikati ya somo akadhani amemaliza." Mwalimu alifuta vidole. "Ajabu. Wewe ni wa pili kuniuliza namba zilizojirudia. Siku moja kabla ya mnada wa Dirma kuna mtu alinipigia. Xavery. Alisema mdogo wake, Kelvin, alisoma kwangu akahitimu, ndiyo maana ananiamini. Nikamwambia alete namba nizione."

"Na kuhusu Kelvin?"

"Nilimwambia ukweli. Kelvin aliondolewa mwaka wa kwanza, miaka mitatu iliyopita. Alikuwa haingii darasani, mtihani akanakili. Yule mtu akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Halafu akasema asante, mwalimu."

*

Rekodi za minara ya simu zilirudi baada ya siku tatu. Simu ya Kelvin haikuwahi kuwa Arusha mwezi ule; ilishinda Mbulu. Siku ya mnada, saa saba mchana, ilikuwa Dirma.

Benedikta alikwenda Mbulu na hati ya upekuzi. Chumba alichopanga Kelvin kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Joakimu alisukuma mlango, akarudi nyuma.

Ndoo ya maji ya mvua yenye utando wa kijani. Kopo la maziwa ya unga. Chumvi. Bomba la sindano lililotumika mpaka likabadilika rangi. Chupa tupu za dawa zilizookotwa kwenye mashimo ya taka ya majosho, nyingine bado zina funza. Zilisuuzwa, zikajazwa, zikapigwa lebo. Hayo ndiyo yaliyochomwa kwenye shingo za ng'ombe wa watu. Benedikta aliwakumbuka wale wanawake wawili wenye vidonda vyeusi, akahisi ngozi yake mwenyewe ikimwasha.

Kwenye kompyuta mpakato Mwalimu Violeth, aliyeitwa kama shahidi, alifungua faili moja. Mstari wa nne ulisomeka:

*int namba = 000120;*

Chini ya godoro ilikuwa simu ya Xavery.

Maximilian alikamatwa dukani kwake mchana ule. Hakungoja kuulizwa mara mbili. Alisema kijana ndiye aliyekuja na wazo, kisha akasema wazo lilikuwa lake ila shetani alimponza, kisha akaomba maji.

Kelvin walimkuta palepale matangani, ameketi kwenye kiti cha marehemu. Joakimu alipomfunga pingu, mkono wa shati ulipanda. Mikono yake ilikuwa na upele mwekundu mpaka kwenye viwiko, aliporukiwa na maji ya josho.

*

"Hulazimiki kusema lolote," Benedikta alisema. "Ukisema, litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Lebo nani alizitengeneza?"

"Mimi. Maximilian alinipa namba ya kuanzia."

"Ulijua chupa zinakwenda wapi?"

"Hanang, huko Dirma. Kwa wafugaji."

"Ulijua kaka yako ndiye anayechanja."

Kelvin aliinua mabega. "Ni ng'ombe tu. Wangekufa au wasingekufa."

"Siku ya mnada?"

"Kaka alinipigia jana yake. Nilikuwa nimemwambia nimepita Mbulu kikazi. Akasema njoo josho kesho, watu watakuwa mnadani, sitaki mama asikie wala watu wasikie. Nikajua ni mambo ya lebo."

"Yalikuwa ya lebo?"

"Hapana." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetereka, lakini kwa hasira. "Hata hakujua. Daftari lile angeniletea nimsaidie! Alianza habari za chuo. Eti amezungumza na mwalimu. Eti miaka mitatu namla. Akaniuliza, Kelvin, wewe ni nani hasa?"

"Ukamjibu nini?"

"Alikuwa ameinama kufunga lango la josho. Palikuwa na jiwe."

"Alipoanguka majini?"

"Aliita jina langu. Akashika ukingo."

"Ukafanya nini?"

"Nikachukua ule mti wa panda."

Joakimu aliacha kuandika. Benedikta alimgusa bega, akaendelea.

"Kwa nini, Kelvin? Hakujua lebo. Ungeweza kuondoka."

"Angesema. Kijijini wananiita injinia. Wazee wananipisha kiti. Mama ananitaja kanisani." Alimtazama Benedikta kama mtu anayetarajia kueleweka. "Ungetaka nirudi kuwa nani?"

Chumba kilikuwa kidogo. Benedikta alinusa samadi, au alidhani ananusa. Alimsogezea karatasi ya maelezo asome na kutia sahihi. Kelvin alisoma, akasimama kwenye mstari mmoja.

"Afande, hapa. Mmeandika lebo zilianzia themanini. Mimi niliweka mia na ishirini. Nilihesabu tarakimu, zilikuwa sita. Kosa lilikuwa wapi?"

Benedikta alimwangalia. Kijana alikuwa anauliza kwa dhati. Katika yote yaliyosemwa chumbani mle, hilo ndilo lililomkosesha raha.

"Tia sahihi," alisema.

*

Asubuhi Kelvin alipelekwa kwa mlinzi wa amani, hakimu wa kuandika maungamo, akayarudia yote bila kubadilisha neno. Kesi ilikuwa imekamilika. Benedikta angeweza kumtuma Joakimu Dirma, lakini aliendesha gari mwenyewe.

Letisia alimsikiliza akiwa amesimama uani. Hakulia. Aliketi polepole juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Siku tisa nimempikia," alisema. "Siku tisa nimemfulia."

"Pole sana, dada."

"Alisema kwa nini?"

Benedikta alimweleza habari za chuo. Angeweza kulainisha, hakulainisha. Mjane alitikisa kichwa, tena na tena, kama mtu anayekataa chakula.

"Xavery aliniambia," alisema hatimaye. "Usiku ule alipokata simu ya mwalimu. Mimi sikukueleza, afande, nisamehe. Niliona Kelvin ana msiba, nikasema nisimwaibishe mbele ya watu."

"Alikasirika sana?"

"Alilia. Kisha akaniambia tuna ng'ombe wawili waliobaki. Tuwauze, Kelvin arudi chuo, aanze upya. Akasema atamwambia wakiwa wawili tu, ili kijana asione haya."

Mlangoni mama mzee alikuwa amesimama, ameshika mwimo wa mlango. Hawakujua amesimama pale tangu lini. Aliuliza kama Kelvin amekula asubuhi hii.